Kibla kwa uzi wa timazi: shajara ya msingi wa msikiti wetu, Mikindani

Mradi wenyewe ni mdogo. Msikiti wa kitongoji chetu, ng'ambo ya ghuba ya Mikindani, umebomolewa ili ujengwe upya, na kamati imenipa mimi, mwalimu wa Jiografia, kazi ya kuonyesha kibla kabla fundi hajachimba msingi. Ukumbi utakuwa na urefu wa mita 12. Fungu lililotengwa kwa kazi ya kibla ni sifuri. Naandika kila hatua ili mwenye kujenga Lindi, Kilwa au Newala aweze kufuata njia hii bila kununua kitu.

19 Aprili

Tulikutana uwanjani baada ya Alasiri. Vijana watatu walifungua programu za kibla kwenye simu zao, wakasimama bega kwa bega, na kila mmoja akaelekea kwake. Kati ya yule wa kulia na yule wa kushoto palikuwa na kama digrii nane. Sikushangaa. Dira ya simu inasoma usumaku, na pale palikuwa na rundo la nondo, mabati ya paa la zamani na pikipiki mbili. Hata ukiondoa chuma chote, sindano ya dira hufuata kaskazini ya sumaku, ambayo siyo kaskazini ya ramani. Programu nyingine hulirekebisha hilo, nyingine hazina habari.

"Sasa Mwalimu, tumfuate yupi?" Shehe akauliza.

Nikamwomba asimfuate yeyote, anivumilie hadi mwisho wa Mei. Kamati ilinung'unika kidogo kwa sababu saruji imeshanunuliwa na inaogopwa kuganda. Aliyeniokoa ni Mzee wetu muadhini. Akanyoosha kidole magharibi, ambako Kilimia, lile kundi la nyota, kilikuwa kinaning'inia chini baada ya Magharibi, mawingu ya mvua yakikifunika na kukifunua. "Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," akasema. "Mpeni Mwalimu mwezi wake, anga litakuwa safi." Mtu wa hali ya hewa angesema hilohilo kwa maneno mengine, maana mvua zetu huku Kusini huishia Aprili au mwanzoni mwa Mei na kusi ikachukua nafasi. Lakini kamati haikumwita mtu wa hali ya hewa.

26 Aprili

Leo ni hesabu tupu. Asiyezipenda aruke, ila namba za mwisho azichukue.

Mikindani iko latitudo digrii 10 na dakika 17 kusini, longitudo digrii 40 na dakika 7 mashariki. Kaaba iko latitudo digrii 21 na dakika 25 kaskazini, longitudo digrii 39 na dakika 50 mashariki. Zitazame hizo longitudo: hazijaachana hata theluthi ya digrii. Makka iko juu yetu moja kwa moja kwenye ramani, umbali wa karibu kilomita 3,500, na kibla chetu ni kaskazini halisi ukisogea nusu digrii tu kuelekea magharibi. Kwa Lindi mjini tofauti hiyo haifiki hata nusu digrii, ni kaskazini tupu. Kilwa ni kama nusu digrii kuelekea mashariki. Pale Kilwa Kisiwani, mihrabu ya Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, imo kwenye ukuta wa kaskazini. Watu wa nchi nyingine wameandika vitabu kutafuta kibla chao. Al-Biruni, mwanazuoni aliyezaliwa mwaka 973, alipima nchi na nchi ili ajue kibla cha mji wa Ghazna. Sisi tumepewa chepesi.

Chepesi, isipokuwa kaskazini yetu haina nyota. Kutubu, ile inayokaa juu ya ncha ya kaskazini ikawaongoza watu wa nchi za juu, kwetu haionekani kamwe. Nahodha anayetoka Arabuni na kaskazi huiona ikishuka kila usiku kadiri anavyokuja kusini, na karibu na ikweta inamzamia baharini. Hapa Mikindani iko karibu digrii 10 chini ya upeo. Jambo hili limenikaa kichwani kutwa: nyota ya kibla chetu ipo, imo upande uleule tunaouelekea, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona akiwa nyumbani.

Njia ya kuzunguka ni hii. Katika kundinyota la Dubu Mkubwa kuna nyota mbili, Merak na Dubhe, ambazo ukiziunganisha kwa mstari na kuuendeleza unafika karibu na Kutubu. Mwezi Mei, mapema usiku, zinasimama kaskazini kwetu, Merak juu kama digrii 23 kutoka upeo, Dubhe chini yake kama 18. Ning'iniza uzi wenye timazi mbele yake, subiri hadi uzi uzifiche zote mbili kwa mara moja, na uzi huo unakuonyesha kaskazini.

Karibu na kaskazini, hasa. Mstari wa nyota hizo mbili haupiti kwenye ncha yenyewe. Nimekokotoa kwa nafasi za nyota za miaka hii: zikifichwa pamoja na uzi wima, kwa latitudo yetu zinakuwa digrii 1.4 mashariki ya kaskazini halisi. Kwenye mita 12 hiyo ni sentimita 29. Ongeza nusu digrii ya kibla, ambayo ni sentimita 11. Kwa hiyo kigingi cha mbele kitasogezwa sentimita 40 kuelekea magharibi. Fundi hana haja na digrii, nitampa sentimita.

3 Mei

Jaribio, na halikufaulu. Mlingoti tumeazima kwenye mashua inayokarabatiwa pwani, urefu wa mita tano na ushei. Tukausimamisha na kuukazia kamba tatu, juu tukafunga kijiti cha kutokeza, kwenye kijiti mshipi wa kuvulia, chini ya mshipi timazi ya shaba ya fundi. Kusi ikaanza. Timazi ikawa inatembea huku na huko kiasi kwamba uzi ulifagia nusu ya mbingu.

Fundi ndiye aliyepata dawa. Ni Mmakua wa upande wa Masasi, Mkatoliki aliyesomea ujenzi kwa mafundi wa Ndanda, ambako Wabenedikto wana abasia yao na karakana zao. Akaleta ndoo ya maji, akaizamisha timazi ndani bila kugusa kitako. Ikatulia. Anasema ndivyo wanavyofanya wakipandisha kuta ndefu siku ya upepo.

Mawingu yalifunika kaskazini yote, tukabaki tunaitazama ndoo. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mtungi akasimama, akaona mlingoti, uzi, ndoo, wanaume wanne na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu uwanjani pa msikiti usiku, akauliza kwa adabu kama tunafukua au tunafukia. Shehe alimweleza mwenyewe. Kesho yake katika darsa akarudia kwa wote kwamba falaki ya kupimia njia na nyakati za swala ni elimu, na kupiga ramli ni kitu kingine. Nilifurahi ametangulia kabla ya uvumi.

5 Mei

Anga safi. Hii nitaiandika kwa urefu.

Tulitoka msikitini, yaani chini ya turubai tunaloswalia kwa sasa, baada ya Isha. Nilikaa kwenye kigoda kama mita nane kusini mwa uzi, kijana mmoja ubavuni mwangu ameshika timazi ya pili karibu na jicho langu, tayari kuiachia pale nitakaposema. Mwingine aliumulika uzi kwa ile tochi nyekundu, kidogo tu, uonekane bila kuua giza. Kwa mahesabu yangu zingekutana nyuma ya uzi saa mbili na dakika 20 hivi. Atakayefanya tarehe nyingine akumbuke nyota zinatangulia kama dakika nne kila siku, kwa hiyo wiki moja baadaye ni karibu nusu saa mapema.

Unaposogeza kichwa kushoto na kulia kuufuata uzi, unagundua jambo ambalo kitabuni halionekani: mbingu zinakwenda kweli. Merak ilikuwa imejificha, Dubhe bado imetokeza upande wa kushoto. Nikasogea. Dubhe ikajificha, Merak ikatokeza. Nikasogea tena, kidogo, kidogo, na kila mara pengo likawa jembamba. Halafu uzi ukazimeza zote mbili. Nilitamka Subhanallah kabla ya kusema "achia", na kijana akachelewa sekunde kadhaa akidhani namwomba Mungu tu. Saa ilikuwa mbili na dakika 21.

Nimefundisha mwendo wa dunia kwa miaka, kwa globu na chungwa na taa. Nilidhani nimeshazoea. Lakini kukaa kwenye kigoda, na kile ulichokiandika mezani kwa kalamu ya risasi kikatokea mbinguni kwa dakika ile, kulinitetemesha magoti. Wapo wanaosema ukijua nyota zinavyokwenda unapungukiwa na kustaajabu. Kwangu ilikuwa kinyume: kama nisingejua zifike saa ngapi, ningeziona ni nukta mbili kati ya nukta nyingi.

Tulipigilia kigingi chini ya timazi ya pili. Kisha tukawa na karibu saa mbili za kungoja, kwa sababu Fundi alitaka kipimo cha upande wa pili. Nyuma yetu, kusini, Msalaba wa Kusini ulikuwa bado umelala ubavu. Nao husimama wima, na mti wake mrefu huelekeza ncha ya kusini. "Fundi hawezi kuamini uzi wenye ncha moja," alisema mwenyewe.

Katika kungoja ndiko mazungumzo yalikokuja. Niliwaambia nuru ya Dubhe imesafiri karibu miaka 120 kufika kwenye ule uzi, na ya Merak karibu 80. Shehe akahesabu kwa vidole. Ile ya chini ilitoka kabla ya Maji Maji kuanza huko Umatumbini mwaka 1905, ile ya juu ilitoka karibu na mwisho wa Vita ya Pili ya Dunia. Mzee muadhini akakaa kimya kidogo, akasema babu yake alipigana Maji Maji upande wa Lindi na hakurudi, na kwamba kama ile nuru ilikuwa njiani wakati huo basi imemkuta mjukuu. Akauliza kama nyota yenyewe bado iko. Nikamwambia karibu bila shaka ipo, miaka 120 kwa nyota ni muda mfupi mno.

Fundi alisema kwao Zaburi zinasema mbingu zinatangaza utukufu wa Mungu, na kwamba usiku kama huu hahitaji ushahidi mwingine. Hapo nikawapa habari ya Georges Lemaître. Wengi hawajui kwamba mtu aliyetoa mwaka 1927 nadharia ya ulimwengu unaopanuka, na baadaye ya mwanzo wake kutoka kitu kimoja kidogo, alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji. Fundi alifurahi kama ameambiwa ni mjomba wake. Nikaendelea: mwaka 1951 Papa Pius XII alipohutubia kana kwamba sayansi hiyo inathibitisha uumbaji, Lemaître hakuridhika. Alitaka hesabu zake zibaki hesabu, na imani yake isitegemee nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa.

"Alimpinga Papa?" Fundi akauliza.

"Alimshauri. Kwa adabu."

Shehe alimwelewa yule padre haraka kuliko Fundi. Akatukumbusha aya katika Al-An'am, kwamba nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na la bahari, akasema anachokisikia humo kwanza ni msafiri aliyepotea na anataka kufika. Anayetaka kubishana na asiyeamini atafute kitu kingine. Halafu akaniuliza: "Na hii Kutubu yenu iliyo chini, itapanda lini?"

"Haipandi, Shehe. Labda usafiri."

Tulicheka, lakini yeye aliendelea kutazama kule chini, kwenye weusi wa mikoko. Akasema kuswali ni hivyohivyo, unasimama unaelekea kitu ambacho macho hayakifikii. Nami nilikuwa nafikiria jambo hilo tangu Aprili 26 na sikuwa nimelipatia neno.

Saa nne na dakika kumi Msalaba ulisimama. Fundi alilala chali kama mita nne upande wa kaskazini wa mlingoti, kwa sababu nyota ya juu ya Msalaba iko mbali juu na uzi wetu ni mfupi. Alijifanyia ishara ya msalaba, akafunga jicho moja, akawa kimya kwa muda mrefu hata tukadhani amesinzia. "Hapo," akasema. Kigingi cha tatu.

Mstari wake na wangu haukulingana, na haukutakiwa kulingana. Mti wa Msalaba nao unaikosa ncha ya kusini kwa karibu digrii tatu, ndiyo maana mabaharia waliutumia kwa kukadiria tu. Nilishaandika kwenye karatasi kabla ya kuanza kwamba tofauti ya mistari miwili ingekuwa kama digrii 1.3. Ilitoka digrii moja na nusu. Kwa mtu aliyelala chali kwenye mchanga, timazi ikiwa ndani ya ndoo, hiyo ni kazi safi.

6 Mei

Asubuhi tulivuta kamba mita 12, tukasogeza kigingi cha mbele sentimita 40 magharibi. Fundi alipima mara mbili na bado akaniangalia kwa shaka, maana kwake ukishapiga mstari kwa timazi hauusogezi. Nilimchorea mchangani.

Sentimita 11 za mwisho zilizua mjadala. Mjumbe mmoja wa kamati alisema nusu digrii ni ubishi wa walimu, mwelekeo unatosha. Nilimpa namba: kutoka hapa, digrii moja ukikosea unapita kama kilomita 58 kando ya Makka. Shehe akasema kweli wapo wanazuoni wanaoridhika na mwelekeo kwa aliye mbali, ila sisi huku pwani ni Mashafii na kwetu mtu hujitahidi kuilenga Kaaba yenyewe kadiri ya uwezo. "Uwezo wetu umefika hapa, tuufikishe."

Kisha mtu akafanya jambo ambalo ningependa angeliacha: akavuta kamba ya pili juu ya msingi wa zamani. Ukuta wa zamani ulikuwa umepinda karibu digrii tano kuelekea mashariki. Kwenye urefu wa ukumbi ni zaidi ya mita moja, hata mtoto anaona. Wazee wanasema ulifuata njia ya kwenda pwani.

Mzee muadhini alisimama kati ya kamba mbili. Amenadi pale tangu ujana wake, na baba yake kabla yake. Akauliza, bila kumwangalia mtu: "Na swala za marehemu baba?"

Nilikuwa na jibu la Jiografia. Msikiti Mkuu wa Córdoba, ulioanza kujengwa mwaka 785 na mafundi waliokuwa na elimu nyingi, umeelekea kusini sana kuliko hesabu zetu za leo, na watu waliswali humo karne kadhaa. Nashukuru Shehe alitangulia kuongea. Alimwambia kisa cha kibla kugeuzwa, mwaka wa pili wa Hijra, kutoka Baitul-Makdis kwenda Makka. Masahaba walikuwa na ndugu waliokufa kabla ya siku ile, waliokuwa wameswali upande wa zamani maisha yao yote, nao wakauliza swali hilihili. Jibu limo katika Al-Baqara, aya ya 143: Mwenyezi Mungu si wa kuipoteza imani yenu. "Swali lako lina miaka elfu moja na mia nne, babu. Limeshajibiwa."

Mzee aliitikia. Lakini aliondoka mapema, na Adhuhuri alinadi kijana.

14 Mei

Duara. Njia hii ni ya kale na waislamu wa zamani waliitumia sana. Mti wima katikati, duara kwenye saruji laini ya muda, alama pale ncha ya kivuli inapoligusa duara asubuhi, alama nyingine inapoligusa mchana. Katikati ya alama mbili ndiyo kaskazini na kusini. Watoto wa madrasa waliifanya karibu yote, mimi nilikaa kivulini. Mstari wao ulitofautiana na wa nyota kwa upana wa vidole viwili kwenye mita 12.

Mzee amerudi kunadi. Hakusema lolote, nami sikuuliza.

28 Mei

Leo ni siku yenyewe. Kila mwaka, tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, jua linakuwa juu ya Kaaba kabisa, hata kivuli hakuna pale. Mwaka mrefu ni tarehe 27. Aliye popote anayeliona jua kwa dakika hiyo, akilielekea ameelekea kibla. Hakuna longitudo, hakuna dira, hakuna mwalimu.

Kwetu kuna nyongeza. Kwa sababu tuko karibu kwenye mstari mmoja na Makka, adhuhuri yetu inaingia saa sita na dakika 17. Jua linavuka mstari wetu, na dakika moja baadaye liko juu ya Kaaba.

Nilifikiri watakuja kumi, uwanja ukajaa. Kusi ilikuwa imetulia. Tulitumia kivuli cha uzi badala ya kivuli cha mti, ni chembamba zaidi. Fundi alikuwa amevuta kamba yetu ya kibla tangu asubuhi, nyeupe ya chokaa. Kivuli cha uzi kilikuwa upande wa magharibi wa kamba, kikaisogelea. Saa sita na dakika 15 kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Dakika 17 kingo zilikuwa zinagusana. Saa ya redio ilipofika dakika 18, kivuli kilikuwa juu ya kamba na kamba haikuonekana nyeupe tena.

Watu walitoa takbiri. Fundi akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaruhusiwa kupiga makofi.

Juni

Msingi umechimbwa na kumwagwa. Hakuna la falaki. Saruji haikuganda.

16 Julai

Siku ya pili ya mwaka ambayo jua linapita juu ya Kaaba, safari hii saa sita na dakika 27. Kuta zimefika kiunoni na mihrabu imeshaanza kupinda. Kivuli cha timazi kiliangukia alama ya katikati ya mihrabu kama ilivyotakiwa. Hakuna aliyekuja isipokuwa watoto, ajabu ya mara ya pili haina wageni.

Mzee muadhini ameomba mawe ya matumbawe ya mihrabu ya zamani yatiwe ndani ya ukuta mpya. Fundi alisema hayana nguvu ya mawe mapya. Shehe akasema yawekwe, na Fundi akayapanga safu ya chini upande wa kulia, akayafunga kwa udongo wa saruji ulio mzito zaidi. Mzee alikaa hapo hadi safu ilipokamilika, akielekeza lipi lilikuwa juu ya lipi.

Kilichobaki ni paa na madirisha, na hayo ni ya kamati. Fundi ana kazi nyingine Septemba: kigango kimoja cha upande wa Masasi kinataka kanisa jipya, na altare ielekee mashariki. Ameniuliza afanyeje. Nimemwambia mstari wa kaskazini anaujua sasa, apige pembe mraba kwa kamba ya pembetatu yenye pande za tatu, nne, tano, na athibitishe karibu na tarehe 22 Septemba, jua linapochomoza mashariki kabisa. Mlingoti ataazima mfupi, jua la asubuhi halihitaji mrefu, ila ndoo amesema anaondoka nayo.